Hapa Hakuna Mama wa Mtu

Kikapu kilitetemeka tena.

Kilikuwa juu ya kiti cha plastiki pale mlangoni, kikapu cha kawaida tu cha kuendea sokoni, na ndani yake zimo simu zetu wote. Ndiyo sheria ya kozi: ukiingia darasani unaiweka simu kikapuni, mpaka mapumziko. Sauti tulizima, lakini mtetemo ni mtetemo. Simu moja ikiita, zilizolala juu yake nazo zinatikisika, kikapu kizima kinanguruma kama tumbo lenye njaa, na wewe uliyekaa upande wa pili wa chumba huwezi kujua anayetafutwa ni nani.

Mimi nilijua. Au nilijiaminisha kuwa najua. Nikaukandamiza mguu wa kulia kwa wa kushoto, maana ulikuwa umeanza tena kucheza wenyewe chini ya kiti.

"Jioni, uko nasi?" mkufunzi akauliza.

"Nipo, Mwalimu."

Nilikuwepo na sikuwepo.

Jioni ni mimi, ila ndani ya chumba kile tu. Siku ya kwanza ya kozi, kozi ya likizo ya masomo ya jinsia kwa wanafunzi wa uzamili, kila mmoja alipewa kipande cha karatasi ngumu na pini. "Andikeni jina mnalotaka kuitwa humu," mkufunzi alisema. "Lisitoke kwa baba yako, lisitoke kwa mume au mke wako, lisitoke kwa mtoto wako. Jichagulie mwenyewe." Mwanamume mmoja mwenye ndevu nyingi na sauti ndogo akajiandika Radi, tukacheka. Dada aliyekaa kulia kwangu akajiandika Chumvi. Mwingine, mpana wa mabega, Mwamba. Mimi kalamu iligoma. Mwishowe nikaandika Jioni, kwa sababu kila nilichosoma tangu nimalize sekondari nimekisoma jioni, baada ya kufunga duka la vifaa vya umeme ninakouza, macho yananata kwa usingizi.

Nje ya chumba kile mimi ni Mama Kifaru. Kifaru ni mwanangu wa miezi minane. Baba yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu tangu anazaliwa, akitaka kunyonya hulia mara moja tu kutoa taarifa, kisha huinamisha kichwa na kukuvamia kwa paji la uso. Jina lake la vyeti lipo, limelala kabatini. Mtaani, dukani, kliniki, mimi ni Mama Kifaru, na hata mume wangu akiwa na furaha huniita hivyo hivyo.

Na humo darasani hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ninaye.

Haikuwa kwa ubaya. Siku ile ya kwanza mkufunzi alisimama katikati ya mduara wa viti akasema, "Humu hakuna mama wa mtu, hakuna mke wa mtu, hakuna binti wa mtu. Kuna mtu." Chumvi akapiga makofi, peke yake, na hakuona haya. Wakati wa chai akanisogelea na kikombe chake.

"Mimi nimeolewa siku nyingi na mtoto sijapata," akaniambia, kama mtu anayekwambia saa. "Mtaani kwetu kila mwanamke ni mama nani, mama nani. Mimi naitwa yule wa nyumba ya kona. Wameniita hivyo mpaka nikaanza kuipenda kona yenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa na wanawake nikawa na jina kama wenzangu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme maziwa yananiuma, nina mtoto mdogo nyumbani. Nikaufunga. Nikapuliza chai ambayo wala haikuwa ya moto.

Na nisiseme uongo, nilijisikia mwepesi pia. Kuitwa Jioni mchana kutwa kulikuwa kama kuvua viatu vinavyobana. Ila mwili wangu haukuambiwa kuwa nimebadili jina. Ikifika saa ya Kifaru kunyonya, maziwa yanashuka vilevile, na mimi nalikumbatia faili langu kifuani kama mtu mwenye baridi.

Asubuhi ya siku hii ya kikapu kunguruma, mama mkwe alinikuta jikoni nakamua maziwa kwenye kikombe ili amwekee mtoto.

"Hebu nieleze tena, mwanangu," akasema, akaegemea mlango. "Hiyo jinsia mnayosoma. Mume unaye. Mtoto wa kiume umeshazaa. Sasa umebakiza ipi ambayo hujaijua?"

"Sijajua bado, mama, kwa nini vyombo vya jana vimelala vikinisubiri mimi."

Akacheka mpaka akashika meza. Mama mkwe wangu anapenda mtu anayejibu. Ila akishamaliza kucheka hurudi palepale alipoachia.

"Chupa hataki. Kijiko anakitema. Uji anaufanya rangi ya kupaka ukuta. Jana kashinda analia mpaka sauti imemkauka. Mimi silalamiki, ni mjukuu wangu. Lakini leo akikataa tena, nampigia mwanangu aache kazi akufuate huko huko, akurudishe nyumbani. Siwezi kukaa na mtoto anayelia njaa na huku mama yake ana maziwa ya kulowesha mafaili."

"Mama, si nimalize tu? Zimebaki siku chache."

"Kozi itarudi mwakani. Mtoto akidhoofika, huyo unamrudisha na nini?"

Somo lile halifundishwi jioni. Hufundishwa mara moja kwa mwaka, likizo ndefu, mchana kweupe, na bila hilo uzamili wangu unasimama. Mwenye duka alinipa ruhusa huku akiapa kuwa ni ya kwanza na ya mwisho. Na mlangoni pa darasa, juu ya kile kiti cha kikapu, lilibandikwa tangazo ambalo kila mtu alilisaini kwa mkono wake: anayetoka kabla kipindi hakijaisha, amejitoa kozi. Siku hiyo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kusoma kazi yangu mbele ya mduara, na alama za somo zilikuwa hapo. Kwa hiyo mume wangu akinifuata, mambo yamekwisha. Nilimwona kila nilipofumba macho, amesimama pale getini na sura yake ya mtu aliyetolewa kazini, ananiambia neno moja tu: twende.

Wakati wa mapumziko nilikuwa wa kwanza kikapuni. Nilipekua zile simu kama kuku anayetafuta punje. Mama mkwe kanipigia, na kanipigia tena. Nikampigia, haikupokelewa. Nikampigia mume wangu, ikaita mpaka ikachoka. Nikazunguka ukumbini, nikaenda chooni, nikajikamua kidogo kwenye sinki, nikarudi, nikapiga tena. Kimya.

"Una nini wewe?" Chumvi akaniuliza. "Toka asubuhi umekaa kama uliyewekewa pini kwenye kiti."

"Nina wasiwasi na zamu yangu."

"Wasomee tu. Wakikuuliza swali gumu, kohoa."

Kengele ikalia. Simu ikarudi kikapuni, na mimi nikarudi kwenye kiti changu, mguu mmoja darasani, mmoja sijui wapi.

Mada ilikuwa kazi ya malezi: nani anaifanya, na nani anaiona. Radi alikuwa anasema kuwa watu huiita mapenzi ili isiitwe kazi. Chumvi akamwambia hapana, wengine huiita kazi ili wasiopewa watoto waonekane wavivu. Wakaanza kurushiana maneno, mkufunzi akifurahi. Mimi nilikuwa naitazama midomo yao. Ubaoni liliandikwa neno malezi kwa herufi kubwa na mduara kulizunguka, na kila nilipolisoma kifua changu kilijibu.

Ndipo tukasikia kilio.

Kilitokea nje, mbali kidogo, upande wa geti, kikaingia kwa madirisha. Kilio kikavu cha mtoto aliyekwisha kulia sana. Mabishano yakapungua. Mwamba akageuza shingo, akairudisha upesi. Mkufunzi akaacha chaki hewani.

"Huyo si usingizi," Radi akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Huyo ni njaa kabisa."

"Umejuaje?" Chumvi akamuuliza.

"Nina wawi..." Akajiziba mdomo kwa ndevu zake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa kinyume cha sheria. Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Blauzi ilikuwa imeshalowa. Kilio kile nakijua hata nikizikwa. Kikakatika, halafu ikaja sauti ya mwanamume, kubwa, iliyokasirika, inabishana na mtu. Maneno hayakusikika vizuri isipokuwa mawili, yaliyokuja juu ya ukuta kama jiwe:

"Mama Kifaru!"

Basi, kaja kunichukua. Nilisimama. Faili likaanguka, na doa kifuani likaonekana na wote.

"Jioni," mkufunzi akasema taratibu. "Sheria unaijua."

"Naijua, Mwalimu."

"Kipindi hakijaisha."

"Najua." Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. "Na yule pale ni mwanangu."

Sikumtazama Chumvi. Nilipita katikati ya mduara, nikapita kikapu, nikatoka.

Ua wa chuo kile ni mrefu, vigae vitupu na jua lote. Nilikimbia, viatu mkononi. Nilipofika nikamwona mlinzi ameshika komeo la geti kwa mikono miwili, na upande wa pili, uso umebanwa kwenye nondo, mume wangu. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Alikuwa bado na ovaroli yake ya bluu, grisi mpaka viwikoni, na zipu ya ovaroli ilikuwa imeshushwa nusu. Kwenye ule uwazi wa zipu kilikuwa kimetokeza kichwa cha Kifaru, chekundu kwa kulia, macho yamevimba, kama kifaranga kilichokasirishwa na yai.

"Fungua!" nikamwambia mlinzi.

"Dada, wewe ndiye? Nimemwambia huyu kaka tangu alipofika..."

"Fungua geti!"

Akafungua. Nikamchomoa Kifaru kwenye zipu, nikakaa kwenye benchi la mlinzi, na hata sijamaliza vifungo, mwenyewe akainamisha kichwa, akaja na lile paji lake. Akanyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, akakohoa, akarudi tena. Mkono wake mmoja ukanishika shingoni kwa kucha. Alinuka mafuta ya mashine na jasho la baba yake. Nilimbusu utosini.

Juu yangu mabishano yalikuwa yanaendelea.

"Mke wangu, msikilize huyu bwana," mume wangu akasema. "Nimefika hapa na mtoto analia, nikamwambia niitie Mama Kifaru. Akanijibu, hapa hakuna mama wa mtu. Nikasema sawa, niitie mke wangu. Hakuna mke wa mtu. Nikamuuliza, humo ndani mmeweka nini, masanamu?"

"Ndivyo nilivyoagizwa, kaka," mlinzi akasema.

"Nikampa jina lako la shule, na la baba yako, na la babu yako. Akaniangalizia kwenye karatasi yake. Ananisomea: Radi, Mwamba, Chumvi, Jioni. Nikamwambia mzee, hiki ni chuo au ni utabiri wa hali ya hewa?"

Mlinzi akajitahidi asicheke, akashindwa, akageukia ukuta. Mimi sikuweza hata kutabasamu. Nilikuwa nasubiri lile neno.

"Mama yako kakupigia," nikasema.

"Kanipigia. Kaja mwenyewe karakana, kanikabidhi mtoto mkononi, kaniambia nikurudishe nyumbani leo leo."

"Kwa hiyo twende?"

Kabla hajajibu, nikasikia viatu vinakuja kwenye vigae. Mkufunzi. Alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona, chaki bado mkononi. Akasimama mbele yetu, akahema.

"Shikamoo, Mwalimu," mume wangu akasema, katikati ya hasira zake, kwa sababu mama yake kamlea hivyo.

"Marahaba." Akamtazama kuanzia grisi mpaka zipu. "Wewe ndiye mumewe? Umekuja kumchukua?"

Aliuliza kwa namna ambayo hata mlinzi aliacha kufunga geti.

"Mwaka jana," mkufunzi akaendelea, na hakuwa akimwambia mume wangu peke yake, "alikuja mwanamume hapo hapo ulipo. Akamwulizia mama wa mtoto wake. Akasema mtoto anaumwa. Yule dada akaacha kalamu mezani akaondoka, alikuwa ndiye bora wa kundi lake. Hakurudi. Baadaye tukajua kuwa hakuna mtoto aliyeumwa. Kulikuwa na wageni nyumbani na hakuna wa kuwapikia. Kwa hiyo mwaka huu nikamwagiza mlinzi mimi mwenyewe. Anayekuja kuulizia mama wa mtu, mke wa mtu, aambiwe hapa hakuna. Na mnaosoma nikawawekea ile sheria ya kutotoka. Sasa nakuuliza, umekuja kumchukua?"

Mume wangu akajikuna shingo, akaacha alama nyeusi ya kidole.

"Nikisema hapana nitakuwa nimedanganya," akasema. "Njia nzima nilikuwa nimepandwa na hasira, Mwalimu. Nimeacha friji la bucha tumbo wazi. Nimepita na mtoto ndani ya ovaroli, watu wananiita kangaruu. Nilikuwa nimepanga kabisa, nikifika nitasema neno moja tu, twende."

Kifaru aliliachia ziwa kidogo, akapumua, akalishika tena. Nilimkumbatia.

"Halafu huyu mzee akanikatalia kuwa hupo." Sasa alikuwa ananiambia mimi. "Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ananiambia huyo mtu hayupo humu. Nikamwambia yupo! Mke wangu anasoma humu! Uzamili! Kasoma jioni miaka yote, anarudi amechoka anasoma tena, mimba imemfika hapa bado anasoma, na wewe unaniambia hayupo? Nimepiga kelele mpaka wauza maji wamesimama kusikiliza. Muulize."

"Kweli," mlinzi akasema. "Mpaka na aina ya digrii kataja."

"Sasa mtu umeshajisifu kwa watu wote wale barabarani," mume wangu akasema, na akaitazama ardhi, "unamtoaje tena?"

Nikamfuta Kifaru pua kwa kona ya blauzi, nikamfuta tena, ilikuwa safi.

"Na mama?" nikauliza mwishowe.

"Mama alitaka mtoto ale. Si anakula? Mimi niache nirudi, nyama za watu zinaoza. Nitawafuata mkitoka." Akamsogelea Kifaru, akanyoosha kidole, akaona grisi, akakirudisha. "Kesho sijui tutafanyaje," akasema chini chini, maneno ya masikio yangu tu. "Sijui kabisa. Siwezi kuacha kazi kila siku." Na akaondoka, nusu anatembea nusu anakimbia, zipu bado imeshuka.

Tukabaki watatu na yule anayenyonya. Mkufunzi alikuwa anaikatakata ile chaki kwa kucha.

"Ulisema lini kuwa una mtoto?" akaniuliza.

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema ni kwa sababu ya Chumvi, na ni kwa sababu ya viatu vinavyobana, na kwamba hata sheria yake niliipenda. Nikasema, "Sikuulizwa, Mwalimu. Tuliambiwa tusiwe nao."

Hakuwa mtu wa kuomba radhi, na hakuomba.

"Ile sheria ya kutoka ni ya wanaochukuliwa," akasema. "Wewe hujachukuliwa. Anayesoma sasa hivi ni Chumvi. Wewe unamfuata. Ukichelewa zamu, hapo sitakuwa na la kufanya." Akageuka, kisha akakumbuka. "Na huyo njoo naye. Ila tulivyojipanga, hatuna hata mkeka wa kumlaza."

Nikarudi kwenye ule ua mrefu na jua lake, mtoto begani, viatu nimevisahau chini ya benchi. Hatua za mkufunzi zilikuwa mbele yangu na nilitamani zipungue. Kilichonitisha sasa hakikuwa geti. Kilikuwa kile kiti cha kulia kwangu.

Tukaingia. Chumvi alikuwa amesimama, karatasi mkononi, katikati ya sentensi. Alimtazama Kifaru. Akanitazama mimi, na doa la blauzi, na miguu mitupu.

"Kumbe," akasema.

Hilo tu. Sikuwahi kusikia neno fupi lenye urefu kama huo.

"Chumvi, mimi..."

"Nisubiri nimalize." Akasoma mpaka mwisho, sauti haikuyumba, akakaa. Kisha akainuka tena, akanigeuzia kwa mguu kiti chake mwenyewe, kile cha karibu na dirisha. "Kaa hapa. Kuna upepo, yeye ana jasho." Na nilipokuwa nakaa akaniinamia sikioni. "Usinipe nimshike, sawa? Leo usinipe. Na ungeniambia. Mimi sili watoto wa watu."

"Sawa," nikasema. "Samahani."

"Haya, soma. Wanakusubiri."

Nikaliokota faili sakafuni, nikalifungua kwa mkono mmoja. Kifaru, baada ya kuzima njaa ya kwanza, alikuwa sasa ananyonya kwa starehe, anatalii chumba kwa jicho moja. Nilianza kusoma. Nilisoma vibaya. Nilikuwa nimejiandaa nyumbani mbele ya kioo, na kituo hapa na kituo pale, lakini kila nilipofungua ukurasa yeye aliudaka, na kona ya ukurasa wa tatu akaila. Aya moja niliisoma mara mbili. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka.

Kikapu kikatetemeka.

Mguu wangu ulishtuka kwa mazoea, halafu ukatulia. Ninayemhofia yuko mapajani, nikajiambia, acha kiite. Lakini nilipoinua macho nikamwona Mwamba, upande wa pili wa mduara, yule mpana wa mabega ambaye hakuwahi hata kupepesa jicho. Alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili. Midomo yake imekauka. Karibu yake Radi alikuwa anakitazama kikapu kwa pembe ya jicho, mguu wake unacheza. Kumbe kila siku nilidhani ni mimi peke yangu ninayekisikia.

Mkufunzi naye aliona. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akakichukua kile kikapu kikiwa bado kinanguruma, akakileta akakiweka sakafuni katikati ya mduara. Hakusema sheria imefutwa. Alisema, "Mwenye yake aitazame, turudi kwenye kazi."

Halafu Mwamba akapiga magoti, akapekua, akaitoa yake, akasoma, akaachia pumzi ndefu, akairudisha. Akafuata Radi. Na mimi nikajivuta mbele na kiti changu, Kifaru akilalamika kwa pua. Ulikuwa ujumbe wa mama mkwe. Aliandika kama anavyosema, bila nukta: amekula au mnabishana tu huko.

Nikaandika kwa kidole kimoja, anakula mama, nikaitupa simu kikapuni.

"Tuendelee," mkufunzi akasema. "Maswali kwa Jioni."

Mikono ikanyooka. Nilifikiri watanihurumia. Nilikuwa nimeshajitayarisha kuhurumiwa, uso nimeupanga.

"Hoja yako ya kwanza nimeielewa," Radi akasema, akifunua alichoandika. "Ila ya pili, samahani sana, haina ushahidi wowote. Umesema tu."

"Hata mimi nimeona," Chumvi akadakia, kalamu tayari. "Umeirukia. Hebu turudishe ukurasa wa tatu."

"Ukurasa wa tatu umeliwa," nikasema.

"Basi ukumbuke."

Nje jua lilikuwa limeanza kuhama dirishani. Kesho sikujua tutafanyaje, na mama mkwe alikuwa bado hajaamua, na ndani ya duara lile watu walinikazia macho wakisubiri. Nikamhamishia Kifaru ziwa la pili, nikaanza kutafuta ushahidi.